Mpira wa kitufe kimoja unasingiziwa bahati

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Sisi ni mafundi tunaohudumia kompyuta za vibanda vya gemu na maabara za shule hapa Mbeya, na kazi hutufikisha Makambako, Njombe na Iringa. Tunataka kulitetea gemu moja la mpira la kwenye brauza, lile ambalo wachezaji wake wanayumba kama watu waliotoka kilabuni kunywa ulanzi. Linachekesha, hilo hatubishi. Tunachobishia ni ile hukumu ya vijiweni kwamba ni gemu la kubahatisha tupu: aliyefunga kabahatisha, aliyefungwa kaonewa. Bahati ipo, lakini sehemu yake kubwa tunaiingiza wenyewe kwa namna tunavyolicheza: goli moja mtoke, runinga inayochelewesha picha, kompyuta iliyoelemewa na kibodi ambayo hakuna aliyeipima.

Kwa asiyelijua, tunazungumzia ukoo wa Soccer Physics, gemu la Mfini Otto Ojala, pamoja na yaliyofuata mkondo huo kama Soccer Random. Kila upande una wachezaji wawili na kitufe kimoja tu cha kuwaendesha wote wawili. Kwa kawaida mmoja anatumia W na mwenzake mshale wa juu kwenye kibodi ileile. Ukibonyeza, wachezaji wako wote wanaruka na kurusha mguu kwa wakati mmoja. Hakuna kitufe cha kukimbia, hakuna cha pasi, hakuna cha kipa. Anayetangulia kufikisha mabao matano ndiye mshindi. Baada ya bao, mazingira yanaweza kubadilika: uwanja ukawa na utelezi, mpira ukawa wa aina nyingine, miili ikabadilika. Ni hayo tu, na ndiyo maana watu wanalidharau.

Ukilichungulia kwa ndani, dharau inapungua. Mchezaji hapo si katuni iliyochorwa mwendo mmoja ikawa inaurudia. Ni vipande vigumu, yaani kiwiliwili, kichwa na miguu, vilivyofungwa pamoja kwa viungo vinavyozunguka, na kila kipande kina uzito wake. Kompyuta inapiga hesabu upya mara 60 kwa sekunde: nani anaanguka, nani kagusana na nani, mpira umegonga paja au kifundo. Programu ya kupiga hesabu za namna hiyo huitwa injini ya fizikia. Iliyo maarufu kuliko zote kwa michezo bapa, yaani ya 2D, ni Box2D ya Erin Catto, aliyoionyesha mwaka 2006 kwenye mkutano wa watengeneza michezo kisha akaitoa bure mwaka 2007. Angry Birds, ambalo wengi walilicheza kwenye simu zao za kwanza za kugusa, lilijengwa juu ya hiyo. Injini ya namna hii haichezi bahati nasibu. Ukiipa hali ileile na kubonyeza sekunde ileile, inakupa jibu lilelile. Kinachotushinda ni kwamba tofauti ndogo ya mwanzo, hata ya sehemu ya kumi ya sekunde, inazaa matokeo tofauti kabisa sekunde mbili baadaye. Hapo ndipo ufundi unapokaa, na hapo ndipo mvivu anapoona bahati.

Jambo la kwanza la kujua ni mwelekeo wa kuruka. Msukumo haumpeleki mchezaji juu moja kwa moja, unafuata mgongo wake. Akiwa amesimama wima, anaruka wima na anatua palepale. Akiwa ameinamia mbele nyuzi 30, nusu ya msukumo inakwenda mbele na asilimia 87 inabaki ya kupanda. Akifika nyuzi 45, mbele na juu vinalingana, asilimia 71 kila upande. Akizidi hapo anateleza chini chini na mara nyingi anaishia kifudifudi. Kwa hiyo asilimia kubwa ya mabao mazuri hutoka kwa mtu aliyesubiri mchezaji wake ainame kati ya nyuzi 30 na 45 kuelekea goli la mpinzani, ndipo akabonyeza. Na kwa kanuni hiyohiyo, aliyeinamia nyuma akirushwa anarudi golini kwake, na mpira ukiwa upande huo atajifunga. Mabao ya kujifunga katika gemu hili karibu yote yana sababu hiyo moja: kubonyeza wakati mgongo umelalia nyuma.

Ukitaka kujifunza, weka hali ya wachezaji wawili, mwenzako aondoe mkono kwenye kibodi. Bonyeza mara moja, acha, kisha mtazame mchezaji anavyoyumba mbele na nyuma mpaka atulie. Kuyumba huko kuna mdundo. Uhesabu kwa mdomo, "mbele, nyuma, mbele, nyuma", halafu bonyeza kwenye "mbele" tu. Anayeanza anabonyeza mfululizo bila kupumzika, na matokeo yake ni kwamba mchezaji harudi kwenye mdundo kabisa: kila mruko unamkuta kwenye pembe ya ovyo, na bahati ndiyo inayoshika usukani. Huyo akishinda, kweli kabahatisha. Lakini lawama si ya gemu.

Jambo la pili ni kugusa na kushikilia. Katika matoleo mengi mguu unabaki juu kwa muda wote kidole kipo kwenye kitufe, na unashuka ukiachia. Kugusa kidogo kunatoa teke fupi la kusukuma mpira. Kushikilia kunaufanya mguu kuwa ukuta, na ukuta huo unafaa sana kwa mchezaji wa nyuma pale mpira unapokuja chini. Ubaya wake ni kwamba mguu ukiwa juu kitovu cha uzito kinahama, mchezaji anaegemea upande wa pili na kuanguka chali. Shikilia mpaka mpira uguse, achia hapohapo. Kuachia kwenyewe ni pigo la pili: mguu unaporudi chini unaweza kuukandamiza mpira ardhini ukatoka kwa kasi, na wapinzani wengi hawalitarajii pigo hilo kwa kuwa macho yao yanangoja mruko.

Tatu, kumbuka una watu wawili na kidole kimoja. Wa mbele anapotaka kuruka, wa nyuma naye ataruka, apende asipende. Mchezaji mzoefu hamtazami wa mbele peke yake. Anaangalia wa nyuma yuko pembe gani kabla ya kushambulia, kwa sababu mpira ukirudishwa wakati kipa wake yuko hewani, goli liko wazi. Kama wa nyuma amelala chini, mara nyingi ni heri kumwacha alale. Mtu aliyejilaza mbele ya goli anaziba mipira ya chini bila kubonyezewa chochote. Mpira wa juu ndio unaodai aamke. Na pale wachezaji wako wote wawili wameanguka, usibonyeze kwa hasira. Toa mguso mmoja, acha mwili ujiinue wenyewe, ndipo utoe wa pili.

Mpira wa kuanzia hudondoka katikati. Wageni wote hurukia pale pale unapotokea, wanapishana nao hewani. Subiri udunde mara moja na urudi usawa wa kifua, hapo mruko wa mbele unauendea kwa kichwa. Mtambaa panya nao ni rafiki wa mshambuliaji: mpira ukiugonga unarudi chini ukiwa na kasi, na beki aliyekwisha kuruka hana namna ya kushuka haraka. Kanzu na tobo zipo pia, ila tobo hapa karibu kila mara ni zawadi ya anayeshikilia kitufe muda mrefu mno.

Sasa hili la goli moja mtoke. Tunaelewa kwa nini vibanda vinalipenda: foleni ni ndefu, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Lakini hesabu iko wazi. Tuseme mmoja ana uwezo wa kupata mabao 6 katika kila 10 yanayofungwa kati yake na mwenzake. Mkicheza goli moja, atashinda mara 60 katika 100. Yaani mara 40 mdhaifu ataondoka akijigamba. Mkifika mabao matano kama gemu lenyewe lilivyopangwa, mwenye uwezo atashinda takriban mara 73. Mkicheza mechi tatu za mabao matano, anayeshinda mbili ndiye mshindi, anafika mara 82. Uwezo wake haujabadilika hata chembe, kilichobadilika ni urefu wa shindano. Sasa fikiria wale wanaoweka dau la shilingi elfu moja kwenye goli moja halafu wanalalamika kuwa gemu ni la kubahatisha! Wamelichagua wao liwe hivyo. Kwa maoni yetu dau halifai kwenye gemu hili, na kwa watoto wa shule ndiyo kabisa, lakini hata wasio na dau wanadanganywa na hesabu ileile.

Tukija kwenye vifaa, lawama ya kwanza huangukia kibodi, na mara nyingi inaonewa. Chini ya vitufe vya kibodi ya kawaida kuna nyaya zilizopishana, safu na mistari, na kitufe ni pale zinapokutana. Vitufe viwili vyovyote vikibonyezwa pamoja, kibodi inavitambua bila shida, hata ile ya bei ya chini kabisa. Tatizo linaanza kwenye cha tatu: kikikaa kwenye kona ya mstatili mmoja na vile viwili, kibodi haiwezi kujua kama cha nne nacho kimebonyezwa, kwa hiyo inaamua kukikataa. Mpira wa kitufe kimoja unahitaji vitufe viwili tu, basi uko salama. Unaharibika pale mtu anapolaza kiganja juu ya A na S huku kidole kikiwa kwenye W, au pale watu wanapofungua toleo linalotaka vitufe vinne. Kuipima ni rahisi: kwenye Windows 10 au 11 bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na O, kibodi ya kwenye skrini itatokea, nayo huwaka kila kitufe unachobonyeza kwa mkono. Shika W, ongeza mshale wa juu, kisha ongeza vile ambavyo viganja vyenu hugusa kwa bahati mbaya. Kisichowaka ndicho kinachowagombanisha.

Kuna kasoro mbaya zaidi ambayo wengi hawaijui. Ukishikilia kitufe, Windows inakirudia yenyewe, ndiyo maana herufi hujipanga ukishikilia unapoandika. Gemu lililoandikwa vizuri hupuuza marudio hayo. Lililoandikwa hovyo linahesabu kila rudio kama bonyezo jipya, mchezaji anaanza kurukaruka mwenyewe. Tena marudio hutolewa kwa kitufe cha mwisho kubonyezwa tu. Maana yake ni kwamba ukiwa umeshikilia W na mwenzako akagusa mshale, marudio yako yanakatika na mchezaji wako anasimama kuruka, bila wewe kufanya kosa lolote. Ukiona hivyo, nenda kwenye mipangilio ya kibodi, weka muda wa kusubiri kabla ya kurudia uwe mrefu kabisa na kasi ya kurudia iwe ya chini kabisa. Haitibu, ila inawaweka mlingano. Dawa ya kweli ni kutafuta toleo jingine.

Caps Lock nayo ina visa. Baadhi ya magemu hutafuta herufi ndogo ya w. Taa ya Caps Lock ikiwaka, W haifanyi kazi na mshale unafanya, na ugomvi unaanza. Anayegusa Shift mara tano mfululizo ataletewa kidirisha cha vitufe nata (Sticky Keys) katikati ya mechi. Kizime kwenye mipangilio kabla hamjaanza. Ikiwa ukurasa unapanda na kushuka ukibonyeza mshale, hujabofya ndani ya gemu: bofya mara moja katikati ya uwanja ndipo uanze. Na ikiwa tangazo au ujumbe umejitokeza wakati kidole kiko kwenye kitufe, gemu halikuona ulipoachia, mguu wa mchezaji utabaki umeganda juu. Kibonyeze tena kitufe kilekile na kukiachia, utashuka.

Adui mkubwa hasa ni picha zinazokuja chache. Tulisema hesabu hupigwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 17 hivi. Kompyuta ikilemewa ikatoa picha 20, hutokea moja kati ya mawili. Magemu mengine hufanya hatua zilezile ila polepole, wachezaji wakawa kana kwamba wako majini. Mengine hurefusha hatua ili yasichelewe, na hapo ndipo mpira unapopita katikati ya mwili wa kipa kama hayupo. Si muujiza. Mpira unaokwenda mita 30 kwa sekunde unasogea nusu mita kati ya hesabu na hesabu kwa kasi ya 60. Kwa 20 unasogea mita moja na nusu. Mpira wenyewe una upana wa sentimita 22, na mwimo wa goli kwa sheria za soka hauzidi sentimita 12. Hesabu ya kwanza inaukuta mpira mbele ya mwimo, inayofuata inaukuta nyuma yake, na hakuna hata moja iliyowakuta wamegusana. Injini nzuri zina njia ya kuukagua mpira katikati ya hatua, lakini mtengenezaji lazima aiwashe. Kinyume chake pia kipo: kwenye monita ya picha 144 kwa sekunde, gemu lililofungwa kwenye kasi ya skrini linakimbia zaidi ya mara mbili. Ishushe monita iwe 60.

Kabla ya kuilaumu mashine, funga kurasa nyingine zote, hasa zenye video. Chomeka laptopu kwenye umeme: Chrome ina kipengele cha kuokoa nishati ambacho, betri ikifika asilimia 20, hupunguza picha hadi 30 kwa sekunde. Kwa maeneo ambako umeme hukatika jioni, hiki ndicho kisa cha mechi zinazoanza vizuri na kuishia kwa mabao ya ajabu. Hakikisha pia brauza inaruhusiwa kutumia kadi ya picha. Kipengele hicho kikizimwa, kazi yote inaangukia prosesa. Ukuzaji wa ukurasa urudishe asilimia 100 kwa Ctrl na 0. Skrini nzima kwa F11 ni nzuri kwa macho, lakini kwenye mashine kuukuu dirisha dogo huchezeka kwa ulaini zaidi, kwa kuwa nukta za kuchora ni chache.

Wenye vibanda umiza wanaounganisha kompyuta kwenye runinga kubwa, tunawaomba wasikilize hapa. Runinga huichakata picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji wake huweza kuzidi milisekunde 100. Kwa kutazama Mbeya City na Tanzania Prisons pale Sokoine haidhuru, hakuna anayebonyeza kitu. Kwa gemu ambalo ushindi ni kubonyeza mchezaji akiwa nyuzi 30, milisekunde 100 ni hesabu sita zilizokwisha kupita; unachokiona ni cha zamani. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga, tafuta hali ya gemu, iwashe. Rangi zitapungua mng'ao, ila mruko utatii kidole. Kibodi isiyo na waya yenye betri iliyochoka nayo huongeza kuchelewa, au kukosa bonyezo kabisa. Ya waya ni bora siku zote.

Kuhusu bando, gemu likishafunguka kikamilifu, matoleo mengi hayahitaji tena mtandao mpaka uufunge ukurasa. Washa data ya simu, fungua gemu, cheza bao moja ili kila kitu kishuke, kisha zima data. Usiufanye upya ukurasa, na usitumie dirisha la faragha, kwa sababu ukilifunga linafuta ulichokwisha kupakua na kesho utalipia tena. Kwa kompyuta za maabara zenye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109. Firefox nayo iliishia toleo la 115 la muda mrefu (ESR). Na ukurasa wowote unaokuambia upakue Flash Player ili ucheze, ufunge. Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kinachotolewa leo kwa jina hilo kwenye kurasa za magemu kwa kawaida ni kirusi. Tumeshafuta mafaili ya aina hiyo kwenye maabara za shule zaidi ya tunavyopenda kukumbuka.

Walimu wa fizikia tunawaandikia kwa namna ya pekee, kwa sababu wao ndio wanaolizuia gemu hili na wao ndio lingewafaa. Fungua mechi ya wachezaji wawili, mtu yeyote asibonyeze. Mpira utadondoka katikati na kudunda wenyewe. Mwanafunzi aurekodi kwa video ya simu, kisha asimamishe picha pale mpira ulipo juu kabisa kila baada ya kudunda, na kwa rula apime kutoka chini ya mpira hadi ardhini. Kipimo cha kweli cha mita hakihitajiki, uwiano unatosha. Tuseme umeshuka kutoka sentimita 12 ukapanda 8. Gawanya 8 kwa 12, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.82: hiyo ni sehemu ya kasi inayobaki baada ya kudunda. Ruko linalofuata lingepaswa kufika sentimita 5.3. Wapime waone.

Kisha walinganishe na mpira halisi. Kiwango cha juu cha FIFA kinataka mpira ukiachiwa kutoka mita 2 upande kati ya sentimita 135 na 155, ambayo kwa hesabu hiyohiyo ni kati ya 0.82 na 0.88. Pale uwanjani mwao kwenye vumbi hautafika, nao waseme kwa nini. Katika gemu watakutana na kituko kizuri zaidi: mdundo hautapungua pole pole hadi mwisho, bali ghafla mpira utatulia. Kwenye Box2D sababu inajulikana. Mgongano wowote wenye kasi chini ya mita 1 kwa sekunde huhesabiwa kuwa hauna mdundo kabisa, ili vitu visitetemeke bila kukoma. Ndiyo maana mpira wa chini mbele ya goli hufa mguuni badala ya kuruka, na ndiyo maana mguso mfupi unafaa pale kuliko mruko.

Lingine la kuwauliza wanafunzi ni hewa. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo shuti la mbali Sokoine halizuiwi kama la pwani. Ndani ya Box2D hakuna hewa mpaka mtengenezaji aweke upunguzaji wa mwendo, na mpira uliozungushwa haupindi njia. Wapime shuti la kwenye skrini picha kwa picha: kama mwendo wa mlalo haupungui, hewa haipo.

Wanaopanga bonanza la gemu hili mwezi wa sita na wa saba, kipindi ambacho vidole vya Uyole na Makete vinakufa ganzi kwa baridi, wampe kila mchezaji dakika mbili za kupasha mikono na kugusa kibodi atakayochezea. Mechi ziwe tatu za mabao matano. Baada ya kila mechi wabadilishane vitufe na upande wa uwanja. Mpira ukinasa juu ya goli kwa sekunde 10, bao hilo lianzwe upya bila kuhesabiwa. Kompyuta ikiganda, mabao yaliyokwisha kuandikwa yabaki na mechi iendelee kutoka hapo. Mwamuzi akae pembeni akitazama viganja, si skrini.

Na Mhariri, siku gazeti lako litakapoandika kwamba fulani kamfunga bingwa wa mtaa kwa bahati, tunaomba mwandishi aulize kwanza mambo mawili: walicheza hadi mabao mangapi, na walikuwa wakitazama monita au runinga.

Mafundi wa kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya